Majina Kabla ya Wimbo

Tulisafiri siku mbili kutoka Morogoro mpaka kwa Babu, mimi na mama, na kwa siku zote mbili sidhani kama mama alisema maneno ishirini. Baba alikuwa amepunguzwa kazini. Kiwanda alichokifanyia kazi tangu kabla sijazaliwa kilikuwa kinatafutiwa mnunuzi, na yeye na wenzake wakapewa barua na kuambiwa waende nyumbani. Alikaa wiki moja akitazama ukuta, kisha akapanda lori la kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na hatukujua atarudi lini. Mama alitaka kuanza biashara ya mitumba, na biashara ile haikuwa na nafasi ya mtoto wa miaka tisa. Ndiyo maana nilikuwa kwenye treni, daraja la tatu, nimekalia sanduku letu la bati, nikitazama milima inavyopungua dirishani mpaka ikabaki nchi tambarare ya vumbi na miiba, na mbuzi waliosimama kwa miguu ya nyuma wakitafuta jani.

Dodoma tulipanda lori lililokuwa likipeleka soda na sukari upande wa Chamwino. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka yalianza kujaa tena, na kila gari lililokwenda vijijini lilibeba kitu ambacho watu walikuwa wamekisahau. Juu ya magunia alikuwa ameketi mzungu mzee, mrefu, mwembamba, ndevu zake nyeupe zimegeuzwa nyekundu na vumbi. Alikuwa amekumbatia mfuko wa turubai wa bluu kama mtu anayebeba mtoto. Aliponiona akainamisha kichwa, akasema taratibu, kwa adabu kabisa, "Shikamoo."

Lori zima likaangua kicheko.

"Marahaba, mjukuu wangu!" utingo akamjibu kwa niaba yangu, na kicheko kikaanza upya. Mzungu naye akacheka, ingawa nadhani hakujua kosa lake. Mama peke yake hakucheka.

"Usimtazame sana," aliniambia. "Na huo mfuko wake usiuguse."

Sikuugusa. Lakini kila lori liliporuka shimo, kitu kilichokuwa ndani ya mfuko kilitoa sauti ndogo, kama mtu anayeguna usingizini.

Sikuwa nimeyafikiria haya kwa miaka mingi. Nimekaa miji saba tangu nimalize shule, kila mmoja nikisema huu ndio wa mwisho, na mtu anayehamahama hujifunza kutobeba vitu vingi. Kisha majuzi, Kahama, nilipeleka redio yangu kwa fundi. Akagusisha pasi yake ya kulehemu kwenye waya wa risasi, ukapanda uzi wa moshi mweupe, na harufu ile ikanishika nikiwa nimesimama. Ulimbo. Ulimbo wa mti, uliokauka, uliopata moto. Fundi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka mtu. Sikumwambia kwamba mtu huyo niliwahi kumwibia mara mbili, na kwamba kitu cha kwanza nilikirudisha, lakini cha pili hakirudishiki.

Mzungu na sisi tulikuwa tunakwenda nyumba moja. Hilo tulilijua tuliposhuka mahali pamoja na kushika njia moja ya miguu, mpaka kwenye tembe la Babu, nyumba ile ndefu ya udongo yenye paa bapa ambayo mtu mrefu huiingia kwa kuinama. Mzungu alitoa barua ya afisa utamaduni. Babu hakujua kusoma, ila aliigeuza akahesabu mihuri.

"Mitatu," alisema. "Mtu mwenye mihuri mitatu hawezi kulala nje."

Jina la mgeni lilikuwa gumu kidogo. Bibi akalitamka Kilaidi, na baada ya wiki mwenyewe akawa anajiita hivyo. Alikuwa Mmarekani wa milimani. Kazi yake, tangu ujana, ilikuwa kutembea mabonde ya kwao akiwatafuta wazee waliojua nyimbo za zamani za fidla, akae nao, ajifunze, kabla hawajaondoka nazo. Binti yake alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya misheni huku kwetu. Alipokuja kumtembelea alisikia zeze, akauliza nani hulipiga vizuri, na watu wakamtajia Babu.

Kwenye ule mfuko wa bluu ilitoka fidla. Babu aliipokea kwa mikono miwili, akaigonga mgongoni. Zeze lake lilikuwa la kibuyu kilichofunikwa ngozi. "Hili zeze lenu lina tumbo la mbao," alisema. "Linakula nini?"

"Nyimbo za watu," Kilaidi akamjibu, na Babu akampenda hapohapo. Walipeana ulimbo kama watu wengine wanavyopeana ugoro. Babu alitumia wa mti wa porini, mweusi; wa Kilaidi ulikuwa rangi ya asali, umefungwa kwenye kitambaa. Kila mmoja aliupaka upinde wake, akanusa vidole, akatikisa kichwa.

Mama aliondoka siku ya tatu. Aliniinamia pale uani, akanifunga kifungo ambacho kilikuwa kimeshafungwa, akasema, "Bibi yako akiwepo, una kwenu. Usimchoshe, kifua chake kibaya." Alitaka kunituliza. Mimi nikayageuza maneno yake upande wa pili. Bibi asipokuwepo, sina kwetu.

Bibi alikuwa mdogo wa mwili na mkubwa wa maneno. Aliniita mume wake, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu, na Babu aliniita mume mwenzake na kulalamika hadharani kwamba nimemnyang'anya nafasi karibu na moto. Nililala miguuni kwa Bibi. Nilijifunza kukohoa kwake kama mtu anavyojifunza saa: kikohozi kifupi ni cha moshi, kirefu ni cha baridi, na kile kinachoishia kwa mluzi ni kile cha kuogopa. Na ule ulikuwa msimu wa upepo wa baridi, baada ya mavuno, upepo unaoanza asubuhi na kupuliza vumbi mpaka kwenye ugali.

Wiki ileile Babu alinipeleka nyuma ya zizi, kwenye makaburi ya wazee wetu, mawe tu yaliyopangwa. Alikuwa na kibuyu cha maji yaliyokorogwa na unga wa uwele. Akawa anamwaga kidogo, anataja jina; anamwaga, anataja jina. Baba yake, babu yake, ndugu zake wawili. "Njooni mumwone mwanenu," alisema. "Ametoka Morogoro. Asiwe mgeni kwenu." Upepo ulikatika kidogo alipomaliza, na nilihisi natazamwa.

Tuliporudi nilimuuliza Bibi kama na mimi naweza kuyataja majina yale. Akaacha kuchambua mlenda.

"Usiyachezee, mume wangu. Mtu ukimwita, anakuja. Na akija hapendi kurudi mikono mitupu."

Jioni hiyohiyo, kabla ya chakula, Kilaidi alitoa fidla uani. Akapaka ulimbo upinde wake. Akafumba macho, akasema kwa Kiswahili chake cha kupimapima: "Wimbo huu nilipewa na Mzee Amosi, aliyekaa juu ya kijito. Alikuwa kipofu. Amekufa."

Kisha akapiga. Ulikuwa mwepesi, wa kuchezesha miguu. Yona, mtoto wa shangazi yangu, alianza kuruka papo hapo na shangazi akapiga makofi. Mimi sikusikia wimbo. Nilikuwa natazama njia inayotoka zizini.

"Huu nilipewa na Mama Lueli, aliyekuwa akifua nguo za watu. Amekufa." Akapiga. "Huu nilipewa na ndugu wawili, wakata magogo. Wamekufa." Akapiga.

Watu wanne, nilihesabu, na hakuna aliyewapa hata tone la maji. Asubuhi ndama mmoja alikutwa amekufa zizini. Babu alisema ni baridi. Jioni ya pili Kilaidi alitaja watatu wengine, na Bibi akakohoa kile kikohozi cha mluzi mpaka alfajiri, na kulipokucha hakuweza kuinuka.

Nilimfuata Kilaidi kwenye ua alikokuwa anaanika soksi zake. Nilitaka anikanushie.

"Watu unaowataja, wote wamekufa?"

"Wote," alisema, na akatabasamu kama mtu anayejivunia kitu. "Hakuna aliyebaki."

"Wote waliokupa nyimbo?"

"Wote walionipa nyimbo. Wengine, mimi nilikuwa mtu wa mwisho kukaa nao."

Alinipa kipande cha biskuti. Nilikishika mpaka kikavunjika mkononi.

Babu alikwishampa nyimbo zake, na alikuwa mzima kama jiwe, lakini Babu nilimwelezea kwa urahisi: alikuwa na watu wake nyuma ya zizi, aliwalisha, walimlinda. Bibi alitoka ukoo mwingine, mbali, na sikuwahi kumwona akimwaga maji kwa ajili ya mtu. Kwa hiyo nilijipa kazi ya kuhakikisha Bibi hampi Kilaidi wimbo wowote. Kazi hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano Bibi alikuwa ameketi juani, kifua kimempa nafuu, anapepeta uwele na kuvuma kitu puani, na Kilaidi aliyekuwa akipita akasimama kama aliyeshikwa shati.

"Mama, huo ni wimbo gani?"

"Huu? Huu si wa kukaa. Huu ni wa jiwe. Bila jiwe hauji."

Ilikuwa kweli. Zamani wanawake walisaga wakiwa wamepiga magoti kwenye mawe yao, na kila mmoja alikuwa na wimbo wake wa kusagia. Kisha mfanyabiashara mmoja wa Kondoa akaleta mashine ya dizeli, wanawake wakabeba ndoo zao kwenda huko, na mawe yakapewa kazi nyingine. La Bibi lilizuia mlango wa banda la kuku.

"Mashine yangu ya kunasa sauti inasikia tu, haijifunzi," Kilaidi alimwambia. "Mimi najifunza kwa mkono. Ukisaga, nitapiga pamoja na wewe."

Bibi akakunja mdomo. Alikuwa na namna ya kukunja mdomo alipotaka kitu na hataki kionekane.

"Baada ya siku tatu, kifua kikikubali, nitakusagia. Ila na mimi unitaje, kama hao wengine. Huko kwenu wasikie kwamba nilikuwepo."

"Nitakutaja," alisema Kilaidi. "Mpaka nife mimi mwenyewe."

Akamwomba jina lake kamili, akaliandika kwenye daftari lake lenye jalada jeusi. Nililiona linaandikwa, herufi moja baada ya nyingine. Halikuwa jina la Bibi tena. Lilikuwa la nane kwenye orodha ya wale niliowahesabu.

Siku iliyofuata, watu walipokuwa kisimani na Kilaidi amelala mchana, niliingia chumbani kwake. Fidla sikuthubutu kuigusa. Nilichukua upinde. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, na ulinuka ulimbo ule. Ndani ya tembe, kwenye giza la chumba cha nafaka, kulikuwa na kilindo, pipa la gome la mti lenye urefu wa kunizidi. Nilipanda kinu, nikausukuma upinde ndani ya uwele mpaka bega langu likazama, nikafukia.

Kilaidi alipogundua jioni hakupiga kelele. Aliutafuta peke yake kwanza, kimya kimya, akainua mkeka, akaushusha. Kisha akamwambia Babu. Na Babu, ambaye sikuwahi kumwona akikasirika, alikaa chini.

"Kwangu?" alisema. "Mgeni ameibiwa kwangu?"

"Si kitu, mzee. Si kitu," Kilaidi alirudia, na kila alipolisema hilo Babu alizidi kuinama, maana wote tulijua ni kitu.

Akamletea upinde wa zeze. Kilaidi akaupaka ulimbo wake, akajaribu, na mimi nikashika ukuta nikiomba usikubali. Ulikuwa mfupi na umepinda kama wa kuwindia. Fidla ikatoa sauti ya paka aliyebanwa na mlango. Yona akacheka. Hakuweza kujizuia, ndivyo alivyokuwa.

Babu akamgeukia. "Unacheka?"

"Hapana, Babu, ni ile sauti..."

"Jana ulimuuliza nywele za upinde ule ni za nini."

"Niliuliza tu! Akaniambia ni za mkia wa farasi."

"Na mwezi uliopita kamba yangu ya ngozi ilikwenda wapi?"

Kamba ile Yona aliiuza mnadani, na kila mtu alijua. Alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba, mtihani wake ulikuwa baada ya wiki chache tu, na alikuwa mtu pekee aliyenifundisha kurusha jiwe bila kunicheka lafudhi. Babu alimpa mpaka keshokutwa asubuhi. Upinde ukionekana, yaishe. Usipoonekana, afunge mzigo aende kwa baba yake Mpwapwa, baba ambaye hakuwahi kumtafuta, na mtihani akaufanyie huko kama watamkubali.

"Baba, mwanangu hajachukua," shangazi alisema.

"Basi aliyechukua aseme."

Siku nzima iliyofuata nilipanga na kupangua. Nilimwona shangazi akifua shati la shule la Yona na kulikamua. Nilimwona Yona ameketi juu ya paa la tembe na kitabu cha hesabu, hasomi. Upande mwingine nilimwona Bibi, ameshaviringisha jiwe lake kutoka bandani, analiosha, analigonga kwa jiwe dogo lipate ukali, anaimba kidogo, anakohoa kidogo. Nikajiambia Yona akienda Mpwapwa atakuwa hai. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara ilizidi kuwa ngumu.

Alasiri Bibi aliingia chumba cha nafaka kuchota uwele wa kusaga. Nilisimama mlangoni. Nilimwona anapanda kinu, anaingiza kibuyu, kisha mkono, kisha anatulia. Alikaa hivyo, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, hageuki.

"Mume wangu," alisema.

"Naam, Bibi."

"Humu ndani kuna kitu kimelala na uwele wangu." Akautoa mkono, mtupu. "Sikuulizi kwa nini. Wewe mwenyewe utakitoa, kabla mwenzako hajafukuzwa."

Akashuka, akapita karibu yangu, akaniwekea mkono kichwani, wenye vumbi la uwele. Hakuuliza kweli. Angeuliza, yote yangekuwa tofauti.

Asubuhi ya siku aliyopewa Yona, nilimkuta Kilaidi nyuma ya ua ananyoa shingo chini ya ndevu zake, kioo amekiegemeza kwenye mti wa uzio. Upinde niliuficha mgongoni.

"Nimeupata."

Hakuuliza wapi. Alifuta povu, akanyoosha mkono. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Nakupa," nilisema, "lakini usimtaje Bibi."

"Sielewi."

"Ukipiga wimbo wake usiseme jina lake. Hata huko kwenu. Hata siku moja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wote unaowataja wamekufa."

Alichuchumaa, magoti yake yakalia, mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Walikuwa wazee," alisema polepole. "Wazee hufa."

"Na Bibi ni mzee."

Alitazama chini, akaokota kijiti, akakitupa.

"Unajua kwa nini nawataja?"

"Unawaita waje."

"Hapana. Nisikilize. Mimi sina wimbo hata mmoja wangu. Zote nimepewa na watu maskini ambao hakuna anayewajua. Nikipiga bila kusema nilipewa na nani, nimeiba. Ndiyo kazi yangu yote hiyo. Si kupiga. Kusema nilipewa na nani."

Kutoka uani ilisikika sauti ya Babu ikimuuliza Yona kama mzigo umefungwa, na Yona akijibu ndiyo, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

"Basi iba," nilimwambia.

Sijui kama mtoto mwingine amewahi kumwambia mtu mzima neno kama hilo. Macho yake yalikuwa ya bluu iliyofifia, kama kitambaa kilichofuliwa sana. Angeweza kuninyang'anya. Angeweza kumwita Babu.

"Sawa," alisema. "Nitaiba."

Nikampa.

Uani alimwambia Babu kwamba upinde ulikuwa kwenye vitu vyake wakati wote, kwamba yeye ni mzee na haoni vizuri, na akamwomba Yona radhi kwa kuinama mbele ya watu. Babu naye alimwambia Yona, "Nilikukosea." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akimwambia mtoto neno hilo. Yona aliuchukua upinde kuutazama. Kati ya zile nywele zilikuwa zimenasa punje mbili tatu za uwele. Akachomoa moja, akainua macho yake mpaka yakanipata, akaitia mdomoni akaitafuna. Hakusema kitu siku ile wala baadaye.

Bibi alisaga siku hiyohiyo. Alipiga magoti mbele ya jiwe, shangazi akimshika kiuno, na mkono wake ukaenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka sauti ya jiwe ikawa kama pumzi ya mnyama mkubwa. Kisha wimbo ukaja juu yake. Ulikuwa kwa Kigogo, na maneno yake nimekuja kuyaelewa ukubwani: mwanamke anauuliza uwele wake utaliwa na nani, mume yuko safarini, watoto wameoa mbali, nakusaga kwa ajili ya nani. Kilaidi alimwacha azunguke mara tatu, halafu fidla ikaingia chini ya sauti yake, taratibu, kama mtu anayeingia nyumba yenye mgonjwa. Mimi nilitazama kifua cha Bibi tu. Kilipanda, kilishuka, kilikwama, kikapanda. Alipomaliza alikohoa kikohozi kirefu, cha baridi. Hakikuishia kwa mluzi.

Kilaidi alizima mashine. Akatoa kaseti, akachukua kalamu kuandika kwenye karatasi yake kama alivyofanya kwa nyingine zote. Kalamu ikakaa juu ya karatasi. Akaifunika.

Alikaa nasi majuma machache zaidi, mpaka upepo ulipopungua na joto likaanza. Jioni alitaja watu wake, akapiga nyimbo zao, na wimbo wa Bibi hakuupiga. Nilijua Bibi anangoja. Siku ya mgeni kuondoka Bibi aliuliza kama atampigia kwaheri, na Kilaidi, ambaye hakujua kumkatalia, akasema atapiga.

Lori lilipita saa nne asubuhi. Bibi alitembea mpaka barabarani kwa fimbo yake, amevaa kanga mpya ambayo sikuwahi kuiona nje ya sanduku. Majirani walikuwepo, na wanawake waliokuwa wakienda mashineni walitua ndoo zao.

"Sikilizeni," Bibi aliwaambia. "Sasa atanitaja."

Kilaidi alisimama kando ya gurudumu. Akapaka ulimbo. Akafumba macho kama desturi yake, akafungua mdomo. "Wimbo huu nilipewa na," alisema, na akafumbua macho, na macho hayo yakanitafuta kati ya miguu ya watu.

Nilikuwa na muda. Nimeupima muda ule mara nyingi, katika miji yote ile saba. Nilikuwa na muda wa kuitikia kwa kichwa, wa kusema taja. Nilishika kanga ya Bibi kwa mikono miwili, nikamkazia Kilaidi macho.

Akafunga mdomo. Akapiga.

Alipiga vizuri kuliko siku zote. Wanawake waliutambua wimbo, wakaguna, mmoja akaanza kusogeza mkono wake kama aliye kwenye jiwe. Ulipokwisha utingo akagonga bodi, Kilaidi akapandishwa juu ya magunia matupu na mfuko wake wa bluu, na lori likaondoka. Alipunga mkono mpaka vumbi likamfunika. Hatukumwona tena.

Bibi alibaki amesimama.

"Amesahau," alisema, si kwa mtu yeyote.

"Labda kwao hutaja baadaye," Babu alimwambia.

"Hapana. Amesahau. Wazungu nao wanazeeka." Akacheka kidogo, akakunja mdomo wake. "Mume wangu, nishike mkono, twende."

Nilimshika. Aliishi miaka sita mingine baada ya pale, na kila mwaka niliuhesabu kuwa ni mimi niliyempa. Sikumwambia kamwe. Kilaidi bila shaka alikufa zamani, na kama alishika ahadi aliyonipa mimi, ninavyomfahamu, basi huko milimani kwao kuna watu wanaucheza wimbo wa kusagia uwele, wanaupenda, na hakuna hata mmoja anayejua ulitoka kwa nani.

Wimbo huu ulitolewa na Nyemo, binti Masima, aliyesaga kwa jiwe. Amekufa.